Shajara ya mradi: mkaa wa mifupa, Arumeru

Februari, wiki ya mwisho

Tanuru limesimama, mabati ya paa yamepigwa, na mifupa ya kwanza kutoka machinjioni imeanikwa nyuma ya ofisi ya kijiji, upande ambao upepo hauelekei zahanati. Suala la upepo lilijadiliwa muda mrefu kuliko bajeti.

Kwa anayeanza kusoma hapa: tuko mashariki ya Mlima Meru, juu kidogo ya Usa River, na kazi yetu ni kuondoa floraidi, madini yanayotia meno doa yakizidi, kwenye maji ya kunywa na kupikia kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Si teknolojia mpya. Kituo cha Ngurdoto cha Wizara ya Maji kimeishughulikia miaka mingi, na wenzetu wa Nakuru, Kenya, chini ya Dayosisi ya Kanisa Katoliki, wameitengeneza kwa wingi ambao sisi hatuukaribii. Tunachojaribu hapa ni kidogo, na kwa maoni yangu ni kigumu zaidi: kuona kama kikundi cha kijiji kinaweza kujua chenyewe ni lini chujio la nyumba fulani limechoka. Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Chujio likiisha nguvu maji yanaendelea kutoka yakiwa maangavu vilevile, na mwenye nyumba anaendelea kumshukuru Mungu.

Chanzo ni mlima wenyewe. Miamba ya volkano ya Meru imejaa floraidi, na maji yanayopita humo yana magadi mengi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwepo ya kutosha ingeikamata floraidi na kuiacha ardhini. Kwa kuwa haipo, floraidi inashuka na maji hadi kwenye ndoo. Ndiyo maana chemchemi mbili za mlima mmoja zinatofautiana sana, na maji baridi, matamu, yasiyo na doa yanaweza kuwa mabaya kuliko ya mto wa kahawia unaopita bondeni.

Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania ilianza na 8 katika viwango vya muda vya mwaka 1974, baadaye ikashuka hadi 4, na sasa iko 1.5. "Kwa hiyo wakati ule maji yetu yalikuwa salama kwa mujibu wa karatasi," alisema mzee mmoja wa kamati, kisha akacheka mdomo wazi ili wote tuyaone meno yake.

Machi, wiki ya kwanza

Mzigo wa kwanza umetoka tanuruni, na nusu yake haifai.

Nieleze kazi yenyewe, maana watu wengi wanadhani ni kuchoma tu. Mifupa inakaa juani mpaka mafuta na mabaki ya nyama yaishe. Hatua hii haiharakishwi, na inzi wanalijua hilo. Kisha inapangwa kwenye pipa la lita 200, mifupa mirefu ya miguu chini, mbavu juu, na pipa linafunikwa na kuzibwa kwa udongo wa mfinyanzi ukingoni. Pipa hilo linaingia kwenye tanuru la matofali, na moto wa maranda na makapi ya kahawa unawaka kulizunguka. Mifupa haitakiwi kuguswa na moto. Inatakiwa iive kwa joto ikiwa imenyimwa hewa, kati ya nyuzi 400 na 550. Chini ya hapo mafuta hayaungui yote, na maji yatakayochujwa yatakuwa ya njano yenye harufu ya supu iliyolala. Ikipita 600 kwa muda mrefu, uwezo wake wa kushika floraidi unaanguka.

Kipimajoto cha waya kinasaidia, lakini fundi wetu anategemea rangi. Ukivunja mfupa ulioiva vizuri, ndani ni kijivu cheusi, mkavu, unalia kama kigae. Mweusi wenye kung'aa na kunata kidoleni haujaiva. Mweupe umeungua: hewa imeingia. Pipa letu lilikuwa na ufa mdogo kwenye mshono wa chini, na mifupa yote ya upande ule ilitoka nyeupe pe. Fundi ameuziba mshono, na ile nyeupe tumeitenga.

Baada ya hapo ni kutwanga na kuchekecha. Tunataka chenga za kati ya nusu milimita na milimita mbili. Unga ukibaki, chujio linaziba. Chenga zikiwa kubwa, maji yanapita pembeni yake bila kuguswa vya kutosha. Halafu kuosha, na kuosha tena, hadi maji ya kuoshea yawe meupe. Kina mama wa kikundi wanasema hapa ndipo mradi wa maji unapokunywa maji, na wana haki.

Machi, wiki ya tatu

Mkutano wa kitongoji. Nilikuja na maelezo ya kemia: kwamba mfupa una madini ya haidroksiapataiti, na floraidi iliyo majini inaingia mahali pa haidroksili na kukaa humo. Yalichukua dakika chache na hayakuulizwa hata swali moja. Swali la kwanza lilitoka kwa mzee wa msikitini: mifupa ni ya mnyama gani, na amechinjwa na nani? La pili lilitoka kwa mama wa Kisabato: kuna uhakika gani kwamba hakuna ya nguruwe?

Majibu yalikuwepo kwa sababu mwenyekiti aliyaona mapema. Tunachukua kwenye machinjio moja tu ya ng'ombe, ambako anayechinja anajulikana kwa jina na kwa baba yake. Mwenyekiti akapendekeza wazee wawili waende kuangalia. Wakaenda, wakarudi, wakasema ni sawa. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena. Nimesoma taarifa za miradi kadhaa ya mkaa wa mifupa ambayo imetumia kurasa nzima kueleza ufanisi wa mkaa na mstari mmoja kwa jambo hili.

Aprili

Masika yameanza kwa fujo. Barabara ya juu haipitiki kwa pikipiki, na tanuru limelala. Tumetumia muda huo kupima.

Mto umeshuka floraidi kama ilivyotarajiwa, mvua inauchanganya. Chemchemi ya juu imeshuka kidogo. Kisima kirefu hakijali mvua wala kiangazi. Kwa hiyo anayetaka kuniambia "maji yetu yalipimwa, yako sawa" nitamuuliza kwanza yalipimwa mwezi gani.

Tunapima kwa elektrodi ya floraidi. Haisomi miligramu moja kwa moja. Inasoma milivolti, na wewe unalinganisha na vimiminika vya kipimo unavyovijua, cha miligramu 1 na cha miligramu 10. Tofauti kati ya hivyo viwili inapaswa kukaribia milivolti 59 kwenye nyuzi 25, na ikianza kupungua sana elektrodi inataka kusafishwa. Sampuli huchanganywa kwanza na kimiminika cha kusawazisha, ambacho hufanya kiwango cha asidi kiwe kilekile na kuiachia floraidi iliyojificha kwenye alumini. Sampuli hukaa kwenye chupa za plastiki, si za kioo. Asubuhi za hapa ni baridi, kwa hiyo kila kitu kinawekwa mezani pamoja mpaka kiwe na joto moja ndipo tunaanza. Kijana anayefanya kazi hii amemaliza kidato cha nne, na mkono wake umetulia kuliko wangu.

Jioni nilikaa na muuguzi wa zahanati kuzungumzia taarifa za karibuni. Agosti 2024 Mpango wa Taifa wa Sumu wa Marekani ulitoa tathmini yake: kwa uhakika wa wastani, floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita inahusiana na kushuka kwa uwezo wa akili wa watoto. Januari 2025 watafiti walewale wakachapisha katika jarida la JAMA Pediatrics uchambuzi wa tafiti 74 uliokwenda upande huohuo. Kule kwao mabishano ni juu ya miligramu 0.7 wanayoiongeza majini kwa makusudi ili kuzuia meno kutoboka, na kuhusu kiasi hicho tathmini ilisema ushahidi hautoshi kuamua. Sisi hatuko kwenye mabishano hayo. Maji yetu yamevuka mstari huo kabla hatujaanza kuuliza.

Muuguzi hakutaka tuanze na habari ya akili. "Mama ataondoka na hofu, na hofu haichuji maji," alisema. Anataka tuanze na anachoweza kukifanya mama wa hapa kesho asubuhi. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji mabaya, kwa hiyo mtoto anayenyonya amekingwa. Hatari inaingia na uji. Meno ya kudumu ya mbele yanajengeka ndani ya fizi katika miaka ya mwanzo, na kwa jumla meno yako hatarini hadi kama miaka 8. Doa likishaingia, hakuna chujio la kulirudisha nyuma. Kwa hiyo kipaumbele cha machujio yetu kimebadilika: kwanza nyumba zenye mtoto wa chini ya miaka mitano, hata kama mwenye nyumba nyingine ndiye aliyejiandikisha kwanza. Katibu hakufurahi, maana orodha ilikuwa imeandikwa vizuri sana.

Na kuchemsha: hapana. Kila wiki tunalirudia. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini maji yanayopaa hayaondoki na floraidi, kwa hiyo inayobaki sufuriani inakuwa nzito zaidi.

Mei

Chujio la kwanza limechoka, mapema kuliko hesabu.

Hesabu ilikuwa hivi. Chukua maji yenye miligramu 6 kwa lita na nyumba inayochuja lita 20 kwa siku. Ukitaka yatoke na 1 hivi, mkaa unashika miligramu 5 kwa kila lita, yaani 100 kwa siku. Ndani ya chujio, ambalo ni ndoo ya plastiki, kuna kilo 10 za mkaa. Kila gramu ikishika miligramu 1 kabla maji hayajaanza kuvuka kiwango, jumla ni 10,000, sawa na siku 100. Ikishika 2, siku 200. Sisi tulichukua ya chini ili tuwe salama.

Hesabu hiyo haikuwa na majirani ndani yake. Nyumba yenyewe iko njia panda, mama mwenye nyumba ni mkarimu, na kila mwenye mtoto mdogo anapita na kidumu. Ndoo moja kwa siku ilikuwa tatu. Siku 100 zikawa kama 33. Hakuna aliyekosa hapo, na sitaki mradi unaomfundisha mtu kumnyima jirani maji.

Kilichotusumbua ni kwamba tuligundua kwa bahati, kijana wa maabara alipopita kuomba maji ya kunywa na akachukua na sampuli. Karatasi ya kuweka mistari kwa kila ndoo ilikuwa ukutani, safi, na kalamu yake imening'inizwa kwa uzi. Watoto walikuwa wamechora ng'ombe nyuma yake.

Kwa hiyo tumeachana na karatasi. Wazo la sasa ni koki mbili. Ya chini ni ya kuchotea. Ya pili imefungwa katikati ya kimo cha mkaa, haina mpini, inafunguliwa kwa spana yetu tu. Mkaa unachoka kuanzia juu kushuka, kwa kuwa maji mabaya yanakutana na tabaka la juu kwanza. Koki ya katikati ikisoma zaidi ya 1.5, tunajua nusu ya juu imekwisha huku maji ya koki ya chini yakiwa bado mazuri. Hapo kuna muda wa kuleta mkaa mwingine bila haraka, na bila familia kunywa kilichopita.

Juni, wiki ya pili

Koki za katikati zinavuja. Zote. Ndoo za plastiki ni nyembamba, mpira wa kuzibia haukazi vizuri kwenye uso wa mviringo. Tumejaribu gundi ya mabomba, inashika siku kadhaa kisha inaachia. Baridi imeanza, na hakuna anayependa sakafu yenye maji mwezi Juni.

Wakati huohuo jambo la magadi ya kupikia limejitokeza. Tumepata nyumba ambazo chujio linafanya kazi barabara, maji ni mazuri, na kila siku ya makande inaingia magadi sufuriani. Tafiti za meno zilizofanywa hapa Tanzania zilishaonyesha kwamba magadi ya kupikia yanaweza kubeba floraidi nyingi, kiasi cha kuharibu meno ya watoto hata wanakotumia maji yenye floraidi kidogo. Kiasi kinatofautiana sana kati ya aina na aina, na gulioni Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi utakuta rundo la aina zote kwenye turubai moja.

Nilikwenda kwa bibi mmoja kulizungumza hilo. Nikamwamkia, nikakaa, nikala kwanza. Alinisikiliza hadi mwisho. "Mjukuu wangu," akasema, "makande bila magadi ni chakula cha kuku." Tumekubaliana nusu: ataloweka mahindi yaliyokobolewa na maharage usiku kucha, apike bila magadi sufuria ya watoto, na yake ataipika anavyojua. Meno yake, alisema, yalishaamua zamani.

Julai

Wageni wanatuuliza kila mara kwa nini mifupa, wakati kuna njia nyingine. Haki yao. Kwa kifupi, kama tunavyoliona sisi:

Njia ya Nalgonda, iliyobuniwa India miaka ya 1970, inatumia shabu na chokaa. Vitu vyake vinapatikana dukani, lakini dozi ni kubwa, inataka mtu wa kukoroga na kusubiri kila siku, na ukikosea vipimo unabaki na alumini majini. Imejaribiwa sana kanda hii. Uchujaji kwa shinikizo unaondoa karibu kila kitu, lakini unataka umeme na unamwaga sehemu kubwa ya maji. Kwenye hoteli sawa, kwa mama wa mteremkoni si sawa. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, hapo Tengeru, aliunganisha mchanga na chembe za nano zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa eneo, na mwaka 2015 akashinda Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kuna pia kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Cagliari, Italia, chini ya mradi wa FLOWERED uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, waliojaribu oktakalsiamu fosfeti, aina ya madini ya kalsiamu, kwenye chombo cha nyumbani katika Bonde la Ufa. Nimevutiwa na hiyo kwa sababu waliuliza pia nini kinamfanya mtu akubali kuitumia, swali ambalo wengi wanaliruka.

Na njia bora kuliko zote ni kutafuta maji mengine. Jiji la Arusha limefanya hivyo kwa mradi wa shilingi bilioni 520, kwa kuchimba visima virefu vikiwemo vya upande wa wilaya ya Hai. Bomba kama hilo likifika huku kwetu, nitalifunga tanuru hili kwa furaha. Mpaka lifike, watoto wanaota meno.

Ramani ya dunia iliyotolewa na watafiti wa taasisi ya maji ya Eawag, Uswisi, mwaka 2022 ilikadiria watu wapatao milioni 180 wanaoweza kuwa wanaguswa na floraidi ya maji ya ardhini, wengi wakiwa Asia na Afrika. Nimeibandika ofisini. Wazee wanapenda kuweka kidole kwenye Bonde la Ufa.

Jingine la mwezi huu: mkaa uliochoka. Unarundikana kwenye magunia. Una fosforasi, na wakulima wawili wa migomba wameshaomba. Nimekataa kwa sasa. Mimea ya majani hubeba floraidi zaidi kwenye majani kuliko kwenye punje na matunda, na sitaki kuitoa kwenye maji tuirudishe kwenye mchicha. Inawezekana kuufufua kwa kostiki soda ya viwandani na kuutumia tena, lakini maji ya kuufufulia yanayobaki ni makali na yamejaa floraidi, na hatuna mahali salama pa kuyaweka. Magunia yamefunikwa, yako kwenye sakafu ya saruji, yanasubiri.

Agosti, wiki ya kwanza

Suala la koki zinazovuja limepata jibu, na halikutoka kwangu. Fundi wa mabomba alisema: kama mnataka kupima katikati, kwa nini mnatoboa ndoo moja, si mtumie ndoo mbili? Kilo tano juu, kilo tano chini, maji yanatoka ya juu yanaingia ya chini kwa bomba fupi, na sampuli unaichukua hapo yanapodondokea. Hakuna tundu la pembeni, hakuna kuvuja.

Faida ya pili tumeiona tukiwa tayari tumezifunga. Ndoo ya juu ikichoka hatutupi mkaa wote. Ya chini, ambayo bado ina nguvu, inapanda juu, na ndoo mpya inakaa chini. Kila chenga ya mkaa inatumika mpaka mwisho, na maji ya mwisho kabisa daima yanapita kwenye mkaa mpya. Kwenye mfumo wa ndoo moja tulikuwa tunatupa mkaa wa chini ukiwa bado na uwezo mwingi.

Nyumba ya njia panda imepewa seti mbili kwa jina la majirani wote wanaochota hapo, na wao ndio wanaochangia kubadilisha. Mama mwenye nyumba anashika daftari. Mistari inawekwa, kwa sababu sasa ina uhusiano na hela.

Yaliyobaki kabla ya mvua za vuli: bei ya ndoo ya kubadilisha bado haijapitishwa. Kamati inataka iwe chini ya gharama ya kuchoma, mhasibu anakataa, na kikao kimeahirishwa. Pipa jipya lisilo na mshono wa chini limeagizwa. Elektrodi inahitaji kimiminika kipya cha ndani. Na muuguzi ameomba nyumba zinazofuata zichaguliwe kutoka kwenye daftari la kliniki ya watoto, siku ya chanjo, badala ya kusubiri watu waje ofisini. Tunaanza naye kliniki ijayo.